Goodness na Vyumba Viwili vya Mayai

Ukungu ukishuka Nyololo, hata malori ya barabara kuu husikika kama yanapita ndotoni. Goodness Kalinga aliupenda ukungu huo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kuwaza mbali hadi chai ikaungua jikoni. Aliishi na mama yake, Juliana, katika nyumba ambayo chumba chenye joto kuliko vyote kilikuwa cha mayai.

Humo ndimo ilimokuwa mashine ya kutotolesha vifaranga, kabati lenye chumba cha juu na cha chini. Mayai mapya hutaka hewa kavu kiasi. Yanayokaribia kupasuka hutaka unyevu mwingi. Goodness hakupenda kuyahamisha, maana baridi ya huku Mufindi huyapiga mara moja. Aliona heri mayai ya juu yakikomaa yakae palepale, zibadilishane namba za unyevu: hamsini ya juu ishuke chini, sabini ya chini ipande juu.

Namba hizo zilikaa kwenye kompyuta ndogo kama kiberiti, aliyopewa na Asukile, fundi wa Mbeya aliyesoma naye chuo. Kumbukumbu ya kompyuta hiyo ilikuwa finyu, kwa hiyo Asukile alimfundisha kwa simu lugha ya zamani iitwayo Forth. Humo kila namba unayoichota hukaa juu ya rundo.

Mara ya kwanza Goodness aliandika kwa haraka: chini ichukue ya juu, kisha juu ichukue ya chini. Lakini wakati huo sabini ilikuwa imeshafutika. Vyumba vyote viwili vikabaki na hamsini. Vifaranga wa juu walinatana na ngozi kavu ndani ya yai. Aliwasikia wakilia kwa sauti nyembamba, halafu hakuwasikia tena. Siku kadhaa hakutaka hata kuufungua mlango wa chumba kile.

"Pole, dada," Asukile alimwambia. "Usiweke kitu kabla hujachota vyote viwili. Rundo litakushikia."

Akairudisha sabini chini, mayai mengine yakaingia, na ya juu yalipokaribia wakati wake akaandika:

juu @ chini @ chini ! juu !

Alama ya @ huchota namba ya chumba kilichotajwa kabla yake, ya ! huweka namba humo. Akatazama kioo cha kompyuta. Juu hamsini, chini sabini, kama mwanzo. Akaandika tena vilevile, kioo kikamjibu vilevile. Akadhani kompyuta imekufa.

Mchana jua likapenya. Akatoa mablanketi kuyaanika: kwanza lake, kisha la mama. Yalipopata joto akayarundika kitini kwa mpangilio uleule, lake chini, la mama juu. Halafu akasimama dirishani akiangalia mvuke ukipanda kutoka kwenye majani, akasahau alichokuwa akifanya. Aliporudi akachukua la juu akalitandika kitandani kwake, lililobaki akampelekea mama.

Juliana akalinusa. "Mwanangu, hili si langu. Lina mafuta yako ya nywele."

"Nimeyarundika, mama. Nikaanza na la juu."

"Na la juu lilikuwa langu. Ungeanza na kitanda changu, kila mtu angepata lake."

Goodness alisimama na mikono hewani. Kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Kwenye mashine alikuwa amechota ya chini mwisho, halafu akaanza kuirudisha chini, kwao. Kila namba ilikuwa imerudi nyumbani.

"Unakwenda wapi na sisi hatujala?" mama aliuliza, lakini binti alishafika kwenye mashine.

juu @ chini @ juu ! chini !

Sabini ikapanda. Feni ikaanza kuvuma polepole, na kioo cha mlango wa juu kikafifia kwa umande. Akaketi sakafuni, kichwa kimeegemea kabati lenye joto, katikati ya usingizi na kuamka, hadi aliposikia ganda la kwanza likigongwa kwa ndani.

Kesho yake chumba cha juu kilijaa manyoya mabichi na kelele. Akampigia Asukile, akaisogeza simu mlangoni asikie.

Asukile akacheka. "Ndaga fijo," alisema, shukrani ya kwao Rungwe. Kisha, kama mtu anayepima kina cha maji, "Jumamosi nakwenda Iringa. Naweza kushuka hapo kidogo?"

Goodness akatazama nje, ukungu ukirudi juu ya misonobari.

"Njoo na sweta," akamwambia.