Pedeli ya Kinanda cha Kigangoni

Mimi kutulia siwezi. Kifaa kikinishinda kwa dakika tano tu, mkono unaanza kuniwasha, nafungua hata skrubu zisizohusika. Basi ule mwezi pedeli niliyomtengenezea dada yangu iliponitesa, mafundi wenzangu hapa Katoro walihamisha viti vyao mbali na meza yangu.

Dada alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ndiye aliyekuwa akipiga kinanda cha kwaya kigangoni kwetu, njia ya Ushirombo. Aliporudi kwenye kinanda, vidole vitatu vikihama tu, sauti ya chini inakufa. Alihitaji pedeli ya kushikilia sauti wakati mkono unahama. Ya dukani hatukuipata. Nikamwambia, "Dada, tulia, hiyo kazi ya asubuhi moja." Asubuhi moja, lo!

Nilichukua swichi ya taa ya breki ya pikipiki, nikaifunga chini ya ubao wenye bawaba na springi, nikavuta waya wa nyuzi mbili hadi kwenye jeki inayochomekwa nyuma ya kinanda. Ukikanyaga, sauti inabaki. Ukiachia, inakatika. Siku ya kuijaribu alipiga wimbo mzima huku analia na kucheka, akasema sasa hakuna wa kumtoa kwenye kile kiti.

Jumapili ya kwanza, safi. Ya pili, katikati ya misa, pedeli ikageuka: akiachia, sauti zote zinavuma kwa pamoja, akikanyaga, zinakatika. Kwaya ikapotea, watu wakageuza shingo. Nikaichukua, nikaipima, nzima. Nikabadilisha waya, nikachoma risasi upya kwenye maungio ya waya, nikabadilisha na jeki. Mezani kwangu inafanya kazi, kigangoni inagoma. Nilikichukia kile kibao, jamani.

Ilipoharibu misa tena, mwalimu wa kwaya aliniuliza mbele ya waimbaji wote, "Fundi, tuambie ukweli. Kosa la pedeli au la mpigaji?"

Nilikuwa nimechoka, nimekasirika, na jina langu sokoni nalitaka. Nikajibu kwa sauti, "Pedeli yangu nzima. Yeye anakanyaga vibaya."

Dada alinyanyuka akaenda kusimama na waimbaji, na kiti akapewa mpigaji mwingine.

Ningeiacha pale, lakini sikuweza. Siku moja nilikuwa naijaribu kwenye kinanda cha mteja, umeme ukakatika. Kwa hasira nikaendelea kuikanyaga vilevile. Umeme ukarudi mguu wangu ukiwa chini, kinanda kikawaka: kinyume! Nikazima, nikatoa mguu, nikawasha: sawa. Kumbe kinanda kinaisoma pedeli pale kinapowaka. Kikiikuta imekanyagwa, kinadhani huko ndiko kuachiwa.

Nikakumbuka. Kigangoni umeme ukikatika wimbo hausimami. Kwaya inaendelea kwa midomo, na dada anawashikia mapigo kwa mguu, juu ya pedeli hiyohiyo, mpaka jenereta iwashwe. Ikiwaka mguu uko juu, salama. Ikiwaka mguu uko chini, balaa. Na mimi nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akipiga mguu, nikatazama waya.

Nikarukia bodaboda hadi kigangoni mchana uleule, bahati siku ya mazoezi. Hata shikamoo sikumpa. Nikamvuta dada nyuma ya ukuta wa choo, nikamweleza yote mbiombio: nisamehe, hukukosea, ni mimi. Nilidhani atafurahi.

"Bebe!" alisema, yaani wewe, maana akikasirika Kisukuma cha nyumbani kinamtoka. "Wewe umenishtaki mbele ya watu wote, leo radhi unaniletea chooni?"

Akanikamata mkono kwa vile vidole vitatu, akaniburuta hadi mbele ya kwaya. Kinanda kikanyamaza. Nikasema kosa ni langu mimi fundi, lakini nilisema chinichini.

"Hatujasikia," akasema dada.

Nikapaza sauti. Nikaeleza umeme, mguu, jenereta, na kwamba nilimsingizia ili nisiaibike mimi. Yule aliyekaa kwenye kinanda alinyanyuka bila kuambiwa, akampisha. Dada hakukaa. Alinisubiri nimalize kwa ile radhi niliyomletea chooni.