Upande wa Kushoto Haukuonekana

Bibi yangu alikuwa akipalilia tangawizi shambani kwake Mamba, juu milimani, mkono wake wa kulia ulipokufa ganzi. Baada ya nusu saa ulirudi kama kawaida. Mjomba, mwanawe mkubwa mwenye duka Same mjini, alimteremsha hadi kwake siku ile ile, na wiki iliyofuata, kwa hofu ya kiharusi, nikampeleka kwenye kipimo cha ultrasaundi ya kichwa. Mtaalamu alimpaka jeli kwenye panja, akabonyeza kifaa, mashine ikavuma kama upepo unaopita chini ya mlango. Upande wa kulia namba zilipatikana. Wa kushoto, ripoti ilisema mtiririko wa damu haukuonekana.

Mjomba alisoma mstari huo mara moja tu. Damu haifiki kushoto, akasema, kwa hiyo Bibi hapandi tena mlimani. Shamba litakodishwa, na zamu yake ya maji apewe jirani. Zamu hiyo ya ndiva, bwawa la kienyeji ambalo kaya za kwetu hulifungua kwa kupokezana, aliachiwa na mama mkwe wake. Kwetu ukishaitoa, kuirudisha ni kazi.

Mimi siamini karatasi kirahisi. Chuo kiliniachia tabia ya kuuliza, nayo inawachosha ndugu zangu. Nikamuuliza Mjomba: kama nusu ya ubongo haina damu, ni nani huyu aliyekugombeza asubuhi kwa Kipare bila kukosea neno?

Tulirudi kwa mtaalamu, mimi nikiwa tayari kwa ugomvi. Haukuwepo. Alimwamkia Bibi, akarudia kipimo bila kununa. Kulia ilikuja namba nyingine, tofauti na ya mwanzo; akaeleza kwamba kifaa kikiinama kidogo tu, kasi husomeka vingine. Kushoto palikuwa kimya tena. Mfupa wa panja, alisema, kwa kina mama wa umri wa Bibi mara nyingi haupitishi mawimbi.

"Haukuonekana maana yake mimi sikuuona. Sijasema haupo."

Bibi alitaka kujua mashine inapima wingi wa damu au mwendo wake. Mwendo, akajibiwa.

"Na upana wa mshipa?"

"Huo siuoni vizuri, Bibi."

"Sisi tukitupa jani kwenye mfereji likakimbia, hatusemi maji ni mengi. Huenda mfereji umebanwa."

Mtaalamu alicheka, akasema hilo ndilo madaktari wanaloliogopa mwendo ukizidi sana. Akatuandikia rufaa ya kipimo kikubwa zaidi.

Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi, nikamwambia Mjomba hospitali wanabahatisha. Asubuhi iliyofuata nilikuta vidonge vya presha ambavyo Bibi aliandikiwa hospitali viko mezani kama nilivyovipanga, havijaguswa tangu jana. Bibi alinishangaa: si wewe uliyesema hospitali wanabahatisha? Mjomba alinisogezea vidonge, na afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimeshughulika kubomoa imani ya Mjomba, sikuangalia nani mwingine amesimama chini ya ukuta huo. Nilimketisha Bibi, nikaazima mashine ya presha kwa jirani, nikampima mara tatu, kila mara akiwa amepumzika. Namba zilikaribiana, zote za juu. Nilimwonyesha moja moja.

"Hapa sina swali, Bibi."

"Wewe?"

"Mimi."

Aliomba maji, akameza vidonge.

Mjomba alilegeza msimamo jioni ile. Bibi apande, lakini niende naye nimsimamie dawa mpaka siku ya rufaa, na jembe nishike mimi. Bibi alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Damu inapitaje kushoto, mpaka leo hakuna aliyetuambia. Nilipomweleza kwamba hata kipimo kikubwa kinaweza kuacha maswali, aliniambia niyaweke maswali yangu kwenye begi, tuwahi gari, kwa sababu tangawizi yake ilikuwa haijamaliziwa palizi.