Chungu cha Jirani Kwenye Makaa

Kiangazi kile mama mkwe alipotutembelea Rissne, huku Uswidi, kutoka Kigoma, jirani yetu mstaafu alisafiri, akaniachia ufunguo wa nyumba na vyungu vyake. Vilifinyangwa na Wapueblo, wenyeji wa New Mexico kule Marekani, kwa mikono mitupu bila gurudumu, naye alikuwa akivikusanya tangu ujana. Sharti lilikuwa moja: nifute vumbi kwa brashi laini, maji yasiviguse.

Nilikwenda na mama mkwe, maana kukaa bure kulikuwa kumemchosha. Yeye mwenyewe amefinyanga tangu usichana. Alikitoa kabatini kimoja cha kahawia, chenye chembe zinazometameta, akakipapasa tumbo kama mkunga.

"Aliyekifinyanga hiki ni mwenzetu," akasema. "Lakini mbona hakijaona moto wa jikoni? Chungu kisichopikiwa ni aibu kwa mfinyanzi."

Nilicheka, nikafunga kabati. Ufunguo nikautundika jikoni kwangu.

Siku chache baadaye nikitoka kazini, harufu ya maharage ilinipokea uani. Kwenye jiko la pamoja la kuchomea nyama, kile chungu kilikuwa juu ya makaa, kinatokota! Na jirani, aliyerudi mapema, alikuwa amesimama hapo hapo na begi lake.

"Mama, umenimaliza!" nilifoka, heshima ya mkwe nimeisahau.

"Tulia, mwanangu. Nimekipikia uji kwanza, kimekomaa. Hakivuji hata tone."

Jirani aliomba kijiko. Alionja, akaonja tena, machozi yakimlengalenga, nami nikaanza kumwomba radhi kwa Kiswidi cha kubabaika. Akanikatiza. Mwanamke wa Kipueblo aliyekifinyanga ndiye aliyemuuzia, alisema, na alimsihi akipikie maharage. Miaka yote hiyo yeye aliogopa kisije kikapasuka.

Nilipomtafsiria mama mkwe, alimpakulia jirani sahani iliyojaa. Tulikula pale uani mpaka kibaridi kikatuingiza ndani. Hasira zangu, ambazo kwa kawaida haziishi upesi, zilikuwa zimeisha, na nilifurahi kweli.

Mama mkwe alipokwisha rudi kwao, jirani aliwaalika wakusanyaji wenzake, nami nikapeleka maandazi. Mzee mmoja alikiinua kile chungu, akaona weusi wa moshi kitakoni.

"Nani amekiharibu hivi?" akauliza, amekunja uso.

Jirani alimpokonya taratibu.

"Lete hapa," akasema. "Nimeloweka maharage tangu jana."