Insha Niliyokataa Kuigeuza

Juzi bajaji ilinipitisha Raskazone, mbele ya shule niliyosoma kidato cha tano na sita. Nikasikia darasa zima likiimba hoja za historia kwa sauti moja, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaosomeshwa alifu. Mwenzangu, kuna sauti zikikupata njiani hazikuachi uende zako.

Wakati ule nilikaa Pongwe kwa bibi, mzaa mama. Alfajiri niliamshwa na harufu ya iliki na mlio wa mafuta ya vitumbua. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kufagia uwanja, ndipo nivae sare. Nyuma ya nyumba ilipita reli, na ng'ambo ya reli ulikuwa mkonge mtupu, safu baada ya safu, mpaka macho yachoke. Babu aliukata mkonge ule hadi mgongo ukampinda.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa na shati jeupe na vumbi la chaki mifukoni, na hakuna aliyenifundisha kuandika kama yeye. Mtihani uliandikwa kwa Kiingereza, lakini insha alitufafanulia kwa Kiswahili.

"Swali likisema jadili, linakuuliza unasimama wapi. Sema mapema, kwenye utangulizi. Kila aya ibebe hoja moja, na hoja ije na mfano wake. Mkono mtupu haulambwi. Ukifika mwisho lirudie swali, usianze safari nyingine."

Kisha, baada ya kutupa yote hayo, akatusomea hoja zake mwenyewe tuziandike na kuzikariri.

Kwenye mtihani wa majaribio likaja swali la reli: kwamba wakoloni waliijenga kutuletea maendeleo, jadili. Wenzangu wakakubali, kwa hoja za mwalimu. Mimi nikakataa tangu sentensi ya kwanza. Nikaandika kwamba reli ilifuata mazao na kuyashusha bandarini. Nikaandika ardhi iliyochukuliwa, na kodi iliyowasukuma watu mashambani. Kila aya hoja yake, kila hoja mfano wake. Karatasi ikarudi imefeli, na maneno mekundu chini: "Muundo mzuri. Majibu siyo."

Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kuuliza. Aya gani haina ushahidi?"

Akafunua kurasa polepole. "Zote zinao."

"Basi kosa langu nini?"

"Kosa ni kwamba msahihishaji hakujui. Anataka anachokitarajia. Ukiandika hivi kwenye mtihani wa taifa utajichongea, binti. Ninakuonea huruma."

Huruma ile iliniuma kuliko alama.

Jioni nilimsimulia bibi, yeye akipepeta mchele. Hakuacha kupepeta. "Kesho shikamoo yake mpe," akasema. "Ulimi wako usimpe."

Mtihani wa taifa ulipofika, swali likaja karibu lile lile. Hoja za mwalimu nilikuwa nazo kichwani, zote, kwa mpangilio. Nikaandika zangu.

Nilifaulu, ila si kwa alama za juu, na waliokariri wengine walinipita. Siku niliyokwenda kuchukua cheti, mwalimu aliniuliza, "Uliandika zangu au zako?"

"Zangu, mwalimu."

"Nilijua," akasema.

Bibi tulishamzika. Nyumba ya Pongwe ilibomolewa, pakajengwa fremu za maduka, na mkonge upande ule umekatwa viwanja. Ukisimama pale sasa, huwezi kumwonyesha mtoto mahali watu walipopindia migongo. Itabidi umweleze, naye akuamini au asikuamini. Ndiyo maana nawaonea uchungu wanaofundishwa kuimba hoja. Walionizidi alama siwaonei kijicho. Lakini niwekee swali lile mezani leo, mbele ya msahihishaji yeyote umtakaye, jibu langu sitaligeuza.