Mtu Aliyekwisha Kuagwa

Kutoka Tunduma hadi Kilwa Masoko nilitumia siku tatu, na siku zote tatu kompyuta yangu ya mezani ilikaa mapajani, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Makondakta wa mabasi matatu walitaka kuitia kwenye buti, nikakataa. Yule wa Songea alisema basi nimkatie tiketi ya mtoto. Nililala Songea, nikalala Masasi, na kutwa nzima ya katikati niliangalia misitu ya Tunduru ikipita dirishani nikijiambia kwamba Kilwa napita tu. Nilipanga kukaa miezi mitatu. Nilikaa miaka miwili kasoro wiki chache.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilitoka Kilwa nikiwa na ishirini na cheti cha kidato cha nne, nikaishi Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza, Mombasa kidogo, kisha Tunduma. Popote nilipokuwa niliikumbuka Kilwa, na kila niliporudi Kilwa nilikumbuka kwingine kote. Sijui ugonjwa huu unaitwaje.

Kazi yangu ni kufanya michoro na maandishi yatembee kwenye skrini: nembo inayojizungusha kabla ya taarifa ya habari, tone la mafuta ya kupikia linaloanguka na kugeuka jina la kampuni. Wenyewe tunaiita mosheni. Nilijifunza kwa kukaa nyuma ya kiti cha mtu aliyeijua. Studio ya Tunduma ilipofungwa, niliamua kwamba sitatafuta nyingine nchini. Nitatafuta ya ng'ambo, ile inayomdhamini mtu viza, na nitatafuta kila siku mpaka nipate. Kwa kazi hiyo nilihitaji mahali pa kulala bila kodi. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na chumba changu cha zamani kilikuwa bado kipo, kimejaa magunia ya korosho.

Aliyahamisha magunia siku hiyo hiyo. Hakuniuliza kwa nini nimerudi bila mke wala sanduku la maana. Nilipomweleza ninachotafuta, aliniuliza kama hao watu wa huko watanijibu. Nikasema watajibu. Tangu hapo, kila asubuhi aliponiletea chai, alisema neno moja.

"Wamejibu?"

Walijibu, ndiyo. Wengine walijibu ndani ya dakika moja, muda usiotosha mtu kufungua hata video yangu ya kwanza. Walinishukuru kwa kuvutiwa na kampuni yao, wakanitakia kila la heri. Nilijifunza kusoma matangazo kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ile sentensi ya kwamba hawadhamini viza huwekwa mwishoni, baada ya mtu kuwa ameshapenda picha za ofisi yao yenye mimea na mbwa. Fomu nyingi ziliuliza chuo nilichosoma, na nisipojaza hazikuniruhusu kwenda ukurasa wa pili. Mwanzoni nilijaza jina la shule yangu ya sekondari. Baadaye nilianza kuandika kistari tu, na kistari kilikubaliwa, nikaona hayo ni maendeleo.

Muda uliobaki nilitengeneza mialiko. Pwani yetu hii watu wamechoka kuchapisha kadi. Wanataka video fupi ya kutumiana kwenye simu: jina la bibi harusi linachipuka kutoka kwenye ua, mwezi unachomoza juu ya tangazo la maulidi. Nilitengeneza za harusi, za hitima, za watoto wanaotoka jandoni. Nilitengeneza hadi ya mtu wa Kilangala aliyetaka korosho zianguke kama mvua juu ya jina la marehemu baba yake, na nilipomwambia haipendezi alisema marehemu angependa.

Video iliyonifikisha mbali kuliko zote ilikuwa ya pweza. Kule Songo Mnara wanafunga mwamba: kwa miezi mitatu hakuna anayeruhusiwa kuchokoa pweza upande fulani wa miamba, ili wakue. Siku ya kufungua, kijiji kizima huingia majini na vijiti, kina mama mbele. Kamati yao ilitaka tangazo la siku hiyo. Nilimchora pweza aliyejikunja kama ngumi juu ya jiwe, kisha mikono yake ikafunguka mmoja mmoja, na kila mkono ukaandika neno moja la tangazo. Sekunde ishirini na mbili. Niliifanyia kazi siku kumi na moja, umeme ukikatika na kurudi, na nilipoimaliza niliitazama mara nyingi kuliko inavyofaa.

Nikaiweka mwanzoni mwa sampuli zangu. Baada ya wiki tano studio moja ya Ulaya kaskazini iliniandikia. Barua hii iliandikwa na mtu, kwa sababu ilimtaja pweza.

Tulizungumza kwa video, mimi na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Walinitaka niwaeleze nilivyoukunja ule mkono wa tano. Kwa dakika arobaini nilizungumza na watu wanaoijua kazi yangu, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu Dar es Salaam. Mwisho yule mwanamke alisema wangependa nijiunge nao, na kwamba mwanasheria wao ataangalia mambo ya viza.

Asubuhi iliyofuata, mama mkubwa alipouliza, nilimwambia wamejibu, wananipenda, wanaangalia viza. Nilimwomba asimwambie mtu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kikombe cha chai mkononi, akainywa mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Alialika dua tu.

Kwetu msafiri wa mbali huagwa. Watu wanakuja, wanasoma Yasini, ubani unafukizwa, kisha kila mmoja anampa msafiri mkono na wanaombana radhi, kwa sababu huenda wasionane tena. Mara nyingi dua hiyo husomwa tiketi ikiwa tayari mfukoni. Mimi sikuwa na tiketi, sikuwa na viza, hata pasipoti yenyewe ilikuwa imebakiza miezi minne. Nilimwambia mama mkubwa tusubiri. Alisema safari ya ndege hushtukiza, mtu anaitwa leo anaondoka kesho, na yeye hatakubali nitoke nyumbani kwake kama mwizi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ni ile ya zaidi ya miaka ishirini nyuma, nilipopanda lori la chumvi bila kumuaga.

Wakaja watu wengi kuliko mikeka. Nilikaa katikati na kanzu ya kuazima. Walisoma, tukala bokoboko, kisha wakaanza kunipa mikono. Mama mmoja muuza samaki aliniletea jaketi zito la mitumba, jekundu, lenye manyoya shingoni, alilolitafuta mwenyewe hadi Lindi mjini. Mwingine alinipa bahasha nimfikishie mpwa wake aliyeko Muscat. Nilipomwambia mimi siendi upande huo alisema nikishakuwa angani itakuwa karibu.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa mpima korosho wa chama cha ushirika, alinishika mkono kwa muda mrefu.

"Nina haki yako shingoni," alisema mbele ya watu wote. "Uliporudi na lile furushi, mimi ndiye niliyesema umekimbia kesi bara. Niwie radhi."

"Nimekusamehe, mzee."

"Ahsante, baba." Hakuuachia mkono. "Lakini ulikimbia nini?"

Watu walicheka mpaka msomaji akashindwa kufunga dua. Nami nilicheka. Nadhani ndiyo siku ya mwisho niliyocheka Kilwa.

Baada ya siku nane walijibu. Mwanasheria alisema aina ile ya viza inahitaji shahada ya chuo kikuu, na kwamba cheti cha kidato cha nne hakiwezi kuchukua nafasi yake, hata kwa mtu mwenye miaka yangu ya kazi. Walisikitika sana. Yule mwanamke aliongeza sentensi yake mwenyewe kwamba bado wanamwonyesha kila mgeni yule pweza.

Nilikuwa nimezoea kukataliwa. Ambacho sikukijua ni maisha ya mtu aliyeagwa asiondoke. Wiki ya kwanza watu waliniuliza tarehe. Ya pili walinikuta sokoni nikinunua nyanya, wakashangaa kama wamekutana na mtu waliyemzika. Kijiweni kwa bodaboda waliuliza kama ndege imepata pancha. Yule mama muuza samaki aliuliza kwa upole dua yao imekwamia wapi, na hilo liliniuma kuliko pancha. Kazi za mialiko zikakauka. Hakuna aliyekuwa na ugomvi nami: walijua nimeondoka, au naondoka kesho, na harusi ni ya mwezi ujao, basi wakajitengenezea wenyewe kwenye simu. Kamati ya Songo Mnara ilifunga mwamba tena na kuufungua kwa tangazo la karatasi.

Niliendelea kutuma maombi. Nilituma kwa miezi mitano zaidi, hadi nchi ambazo nilizitafuta kwanza kwenye ramani. Pasipoti ikaisha muda nikiwa bado natuma. Lakini mama mkubwa hakuuliza tena kama wamejibu. Aliweka chai mezani, akafuta vumbi kwenye skrini kwa upindo wa kanga, akatoka. Hapo nikajua kwamba anajua.

Siku moja nilimwambia yote, na kwamba nitabaki naye, nitafute kazi yoyote hapa hapa. Alikuwa anabangua korosho. Hakuinua kichwa.

"Watu walikusomea, mwanangu. Walikupa mikono, wakakuomba radhi. Mimi siwezi kuwaita tena waje wakusomee ubaki."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mlango huu unafungukia nje. Nikamwambia kuna mtu niliyefanya naye kazi zamani, ana duka la kuchapa mabango Makambako. Aliniuliza Makambako ni wapi. Nikasema ni juu, njia ya Njombe. Akauliza kama kuna baridi. Nikasema mwezi wa saba watu huota moto ndani. Akaendelea kubangua, kisha akasema, "Basi jaketi litafaa."

Niliondoka Jumatano, kwa basi la asubuhi la Dar es Salaam. Kompyuta nilimwachia asiyeihitaji: ilibaki mezani chumbani, imefunikwa blanketi lile lile, kwa kuwa Makambako mabango hayatembei. Nilivaa jaketi jekundu katika joto la Kilwa, kwa sababu mama mkubwa aliniomba nilivae. Mama muuza samaki alikuwepo stendi, na jirani mpima korosho, na wengine waliopita na kusimama. Hawakunipa mikono, walikwisha kunipa. Walisimama tu mbali kidogo, wakiwa na nyuso za watu ambao jambo lao limetimia.

Mama mkubwa alinisogelea dirishani.

"Wakiniuliza, nitasema umesafiri," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo si uongo."

Jirani akaja nyuma yake, akanitazama manyoya ya shingoni, jasho likinitiririka.

"Huko aendako kuna baridi kweli?" alimuuliza yeye, si mimi.

"Kali," mama mkubwa akajibu, na basi likaondoka.