Ufadhili Ulioombwa Kimyakimya

Nyumba ya kinyozi imekuwa kimya tangu binti yake aondoke. Si kimya cha msiba. Watu wanakula, redio inasema, mlango wa uani unalia vilevile. Kinachokosekana ni sauti ya kusoma. Binti yule hakuweza kuhifadhi kitu mpaka akisome kwa sauti, akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, kidole kikiwa katikati ya kitabu. Baba yake alimwita Profesa kwa utani, jina likaganda.

"Profesa, figo za binadamu tumeshazijua," alikuwa akimwambia. "Tuachie tupumzike."

Siku hizi hukaa sebuleni akisikiliza ukuta.

Chuo kimoja cha nchini kilimkubali asomee ufamasia. Ada ndiyo iliyowashinda. Basi Profesa akawa anatafuta ufadhili kwenye simu, ameinama kama mtu aliyeangusha sindano mkekani. Mmoja ulitaka watu wa umri mdogo kuliko wake. Mwingine ulitaka barua za walimu ambao walikwishahama. Mwingine ulimtaka aeleze kwa kirefu kwa nini anastahili. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Majibu yalikuja kwa adabu, yakianza kwa kumshukuru na kuishia kwa kusikitika. Mengine hayakuja kabisa.

Kisha akaomba mmoja asubuhi, na jioni simu ikaita. Alikuwa mama mwenye sauti laini, akamwita "mwanangu". Taasisi yao ingemlipia kila kitu katika chuo kimoja cha ng'ambo: ada, tiketi, malazi. Hakumwuliza alama zake. Alimwuliza kama mgongo unamsumbua, kama amezoea watoto, kama ana mchumba. Akaomba picha ya kusimama, miguu ionekane.

"Miguu ya nini?" kinyozi aliuliza.

"Ndio utaratibu wao, baba."

"Mimi nanyoa vichwa kila siku, sijawahi kumwambia mtu anionyeshe miguu."

Mkewe akacheka, Profesa akacheka, naye akacheka kidogo asionekane mkorofi.

Yule mama aliweka sharti moja: wasimwambie mtu mpaka binti afike. Nafasi ni chache, alisema, na watu wana vijicho. Hapo ndipo alipowapata. Nyumba ile ilikuwa hivyo tangu zamani. Mama Profesa alificha mimba zake zote mpaka zikajisema zenyewe. Walinunua kiwanja, majirani wakajua siku matofali yaliposhushwa. Kwao jambo jema lilikuwa kama unga unaoumuka, halifunuliwi mapema. Kwa hiyo sharti lile halikuwatisha. Waliona yule mama ni mwenzao, mtu anayejua dunia ilivyo.

Siku moja kabla ya safari, mwalimu wa sekondari ya jirani alikuja kunyoa. Huyo ndiye mtaa mzima ulikuwa ukimpelekea maswali ya shule na vyuo. Kichwa kilipofika nusu, akaanza kusimulia.

"Fundi, kuna binti nilimfundisha. Kapata ufadhili wa nje, kila kitu bure. Kufika kule, pasi yake ya kusafiria ikachukuliwa. Kumbe kapelekwa kuwa mtumishi wa ndani."

Mashine ikasimama juu ya sikio.

"Na hakumwambia mtu," mwalimu akaendelea. "Angeniuliza tu, ningepiga simu chuoni wakanithibitishia. Ni jambo la dakika chache."

Kinyozi akaipuliza mashine, ingawa haikuwa na nywele.

"Mwalimu, hivi kama mtu..."

"Kama mtu nini?"

Kwenye benchi fundi viatu, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, akainua uso. "Sema, Fundi. Au una mchumba unamficha?"

Kinyozi akamtazama. Akilini akamwona Profesa akitembea sebuleni na kitabu chake.

"Kama mtu ana kipara," akasema, "nimtoze bei ileile?"

Wakacheka wote, mwalimu zaidi ya wengine. Mashine ikaendelea kunguruma mpaka kichwa kikaisha.

Alipofika nyumbani, sanduku lilikuwa limeshafungwa.

"Tungewapigia kwanza chuoni," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Leo hii?" mkewe akamjibu. "Utawaambia nini?"

Profesa alimtazama baba yake bila hasira. "Baba, usinitilie mkosi."

Asubuhi likaja gari, na kijana aliyeshuka aliomba kwanza vyeti halisi, akavitia mkobani, ndipo akachukua sanduku. Kinyozi aliliona hilo. Alimpungia binti yake mkono kama kila mtu, na aliporudi ndani akakuta kitabu cha figo kimeachwa mezani, kimefunguliwa.

Profesa amepiga simu mara moja tu, kwa kunong'ona, bomba likiwa wazi nyuma yake maji yaifunike sauti. Siku hiyohiyo kinyozi alifunga duka, akaenda kumweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu hakumlaumu. Alikalia ngazi ya nyumba yake, akajishika kichwa alichonyolewa na mtu yuleyule. Tangu hapo wanakwenda pamoja ofisi hadi ofisi, na kote wanaambiwa wasubiri.

Profesa yuko ng'ambo, katika nyumba ya familia asiyoijua, analala kwenye chumba cha kupigia pasi. Chuo alichoahidiwa kipo kweli, mtaa wa pili. Hukiona anapopeleka taka.