Don Anselmo na Saba ya Uru

"Hivi Delia, mtu aliyelala nusu ya uso atachezaje truko?"

Jirani yangu Mirta aliniuliza hivyo tukikaanga maandazi ya sikukuu ya San Roque, siku niliyokubali kuwa mwenzi wa Don Anselmo kwenye mashindano ya parokia.

Lilikuwa swali la haki. Truko huchezwa wawili kwa wawili, na mwenzako humwambii karata zako, unamwonyesha kwa uso. Ukiinua nyusi una ree ya shupaza, kubwa kuliko zote. Ukipinda mdomo kulia una saba ya shupaza. Sasa Don Anselmo, aliyetutengenezea vinu vya upepo miaka arobaini, alipigwa na kiharusi, na uso wake ukanyamaza. Klabuni hawakumfukuza. Walimpa chai anywe, wakampa kiti pembeni, ila wa kucheza naye hakutokea. Miaka mitatu alikaa akitazama. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anahuzunika tu. Kumbe anasoma.

"Mtu hutaja pointi zake mwenyewe," aliniambia. "Kisha anasahau alichotaja. Mimi sisahau."

Pointi hutajwa mwanzoni: karata mbili za aina moja, unazijumlisha, unaongeza ishirini.

Tukafika meza ya mwisho. Mbele yetu Rufino, muuza nyama, na shemeji yake.

"Don Anselmo, umekuja kucheza au kuombewa?" Rufino akauliza.

"Vyote viwili. Gawa karata."

Alama tulihesabu kwa maharagwe. Ikafika sisi tunadai mawili tumalize, wao manne. Rufino akataja pointi thelathini na moja, akatuzidi, akajizolea maharagwe mawili. Akatupa nne ya uru. Mzunguko wa kwanza tukaupata sisi, wa pili yeye kwa tatu ya kopa, akabaki na karata moja. Shemeji yake alikwisha kufunika zake na kujitoa. Mkononi mwangu ilibaki saba ya shupaza, na nilikuwa nimempindia Don Anselmo mdomo akaona.

Rufino akainua nyusi, waziwazi kabisa, akapiga meza.

"Truko!"

Tukikataa, anapata haragwe moja na mchezo unaendelea. Tukikubali, atakayeshinda karata hiyo amemaliza kila kitu. Nikawaza, tukishindwa hapa, nani tena atamwita huyu mzee mezani?

"Tukatae," nikasema.

"Kubali, dada."

"Si umeona nyusi? Ana ree!"

"Nyusi achana nazo. Alitaja thelathini na moja. Toa ishirini, toa nne ya uru aliyotupa. Inabaki nini?"

"Saba," nikasema. Saba ya uru. Yangu inaishinda.

"Mzee anahesabu kwa sauti!" Rufino akalalamika.

"Nusu ya mdomo inanitosha, kijana."

Nikakubali. Rufino akaiweka saba ya uru mezani polepole kama mtu anayelipa faini. Nikaifunika kwa yangu. Mirta akapiga kelele huko jikoni, sijui alikuwa akichungulia tangu lini.

Kabla hatujainuka, Rufino mwenyewe akamuuliza Don Anselmo kama Jumapili angekuja klabuni wacheze pamoja, upande mmoja. Mzee akajipangusa machozi ya jicho lile lisilofumba vizuri, akafikiri kidogo.

"Nitakuja," akasema. "Ila kiti changu kitoeni pale pembeni, mniwekee mkabala na dirisha, niwaone wote usoni."